Begi la abiria nalo lipewe stakabadhi

Ukituma kiroba cha dagaa kwa basi kutoka Mbarara hadi Kigali, na wewe mwenyewe ukabaki Mbarara, utaandikiwa stakabadhi. Karani atakuuliza jina lako, jina la mpokeaji na namba zenu za simu. Kisha ataandika namba kwa kalamu ya wino mzito juu ya kiroba, na huko kiendako mpokeaji ataulizwa kitambulisho kabla ya kukabidhiwa. Lakini ukipanda basi lilo hilo pamoja na begi lako, begi likasukumwa kwenye buti chini ya viti, hupewi hata kipande cha karatasi. Unabaki na tiketi ya kiti tu, na nyuma ya tiketi hiyo, au ukutani mwa ofisi, pameandikwa kwamba mizigo ni kwa dhamana ya abiria mwenyewe. Yaani dagaa wana ulinzi kuliko mtu aliyelipa nauli akakaa kitini.

Jambo hili linawahusu wasomaji wa ukurasa huu pengine kuliko watu wengine wote. Wengi wetu ama tulirudi kutoka uhamishoni, ama tunaishi kwa kuvuka mpaka, ama yote mawili. Tangu mwaka 2014 raia wa Uganda, Kenya na Rwanda wanaweza kuvuka kwa kitambulisho cha taifa bila pasipoti, na tangu mpaka wa Gatuna ulipofunguliwa tena Januari 31, 2022, baada ya karibu miaka mitatu ya kufungwa, mabasi yamejaa tena. Tunakwenda kuzika Isingiro, tunakwenda harusi Mbarara, tunakwenda kununua nguo na maharage. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inahimiza watu wapite na bidhaa zipite. Mtu anapita, bidhaa inapita. Begi la mtu huyo likipotea katikati ya njia, hakuna anayeulizwa.

Asiyefahamu safari hizi aelewe jinsi begi linavyopotea, maana si lazima aibiwe. Basi la usiku kutoka Kampala linafika Mbarara watu wamelala. Wa Mbarara wanashuka, wengine wanapanda, na utingo mmoja anatoa mizigo ya hawa na kuingiza ya wale kwa wakati mmoja, gizani, huku dereva akipiga honi. Mabegi yenyewe yanafanana kama mapacha, meusi yenye magurudumu mawili, au yale ya mistari ya bluu na nyekundu ambayo Watanzania huyaita shangazi kaja. (Wenzetu wa Afrika Magharibi huyahusisha mabegi hayo hayo na Waghana waliofukuzwa Nigeria mwaka 1983. Inaonekana kila penye watu wanaohamishwa kwa haraka, begi hilo lipo.)

Halafu mpakani, pale Mirama Hills na Kagitumba, kila mzigo unashushwa ukaguliwe. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki kwa sheria ya mwaka 2008, na mwaka 2019 ikaongeza vyombo vya plastiki vinavyotumiwa mara moja. Mimi naiunga mkono sheria hiyo kwa moyo wote, na atakayelinganisha mitaro ya Nyagatare na mitaro ya upande wa pili ataniunga mkono. Lakini tukubali kinachotokea. Mama aliyefunga mali yake Mbarara kwa kaveera la rangi ya kijani, akalitambua kwa rangi hiyo njia nzima, anaambiwa alivue. Mzigo unahamishiwa kwenye gunia lililo jeupe kama magunia mengine yote. Alama yake imebaki kwenye pipa la taka la forodha. Dakika kumi baadaye utingo anarudisha magunia garini kwa kubahatisha.

Yalinikuta mwenyewe Agosti 2023, na nayaeleza kwa sababu yanaonyesha mfumo unavyofanya kazi, au unavyokataa kufanya kazi.

Nilizaliwa Nakivale mwaka 1979. Darasa la kwanza hadi la saba nilisoma humo kambini, kisha sekondari Mbarara. Wazazi walirudi Rwanda mwaka 1995 kwa lori, mimi nikaachwa kwa baba mdogo, ambaye alikuwa ameoa Isingiro, nimalize kidato cha nne. Nilimaliza mwaka 1996 nikawafuata, na shahada yangu ya mtihani ilipotoka nilikuwa nimekwisha kuvuka. Baba mdogo aliichukua shuleni akaiweka kwenye sanduku langu la bati, lile la bweni. Ikakaa humo miaka ishirini na sita. Nilipotakiwa kuleta shahada halisi kwa faili langu la utumishi, nilikwenda nikafungua sanduku lile, nikaitoa pamoja na ripoti zangu za shule na picha mbili za marehemu babu akiwa na ng'ombe wake, nikatia vyote kwenye begi na kupanda basi la usiku pale Mbarara kurudi nyumbani.

Kagitumba, mizigo iliposhushwa, begi langu halikuwamo. Lilikuwamo jingine jeusi, la ukubwa ule ule, lisilo na mwenyewe. Kondakta alinionyesha maandishi ya nyuma ya tiketi. Sikuchoka kumuuliza, naye hakuchoka kunionyesha. Kampuni yake siitaji, kwa sababu hata zile nyingine ningepanda zingenionyesha maandishi hayo hayo.

Ofisa wa forodha ndiye aliyetusaidia. Alifungua lile begi mbele yetu sote. Ndani mlikuwa na nguo za watoto, vitenge viwili, sufuria, na ndani ya bahasha ya plastiki ngumu, ile karatasi ya familia ya mkimbizi yenye majina na picha za mama na watoto wanne, makazi yao yakiwa Nakivale. Mtu asiyewahi kuishi kambini hawezi kujua karatasi hiyo ni nini. Bila hiyo foleni ya mgao haikupokei, kliniki inakuzungusha, na ukikutana na askari barabarani huna la kumwambia. Kondakta alitaka begi liendelee hadi Kigali likakae stoo ya kampuni mpaka mwenyewe ajitokeze. Mama wa Nakivale ajitokeze Kigali, kwa kitambulisho gani?

Basi nililipa. Nililituma begi la yule mama kwa basi la kurudi Mbarara, kama kifurushi, jina la mpokeaji likiwa la baba mdogo. Na papo hapo, kwa kampuni ile ile, nikaandikiwa stakabadhi yenye namba. Begi lililopita mpaka bila karatasi lilipata karatasi pale tu lilipoacha kuwa begi la abiria.

Baba mdogo alilichukua, akapanda gari hadi Nakivale, akamwona mwenyekiti wa kamati ya wakimbizi ya kijiji kilichoandikwa kwenye ile karatasi, na kabla ya jioni akawa ameketi nyumbani kwa mwenye begi. Langu lilikuwa pale, limefungwa kwa kamba juu ya zipu. Mama yule, Mkongomani wa Kivu, alimwambia, "Baba, nilifungua nikaona makaratasi ya masomo, nikafunga. Nilijua mwenyewe halali." Alikuwa amekwisha kurudi Mbarara kesho yake kulirudisha, kwa nauli ya kukopa, akaambiwa basi hilo liko Rwanda, aje Jumatatu. Hakuna aliyeandika jina lake wala kilichomleta. Langu lilinifikia siku ya tano, nalo kama kifurushi, kwa stakabadhi.

Hesabu basi waliolirudisha begi hili: ofisa mmoja wa forodha ambaye hakulazimika, mzee mmoja wa miaka sabini na kitu, mwenyekiti wa kijiji cha kambi, na mama mwenye moyo wa haki. Kampuni iliyopokea nauli yetu wote wawili haimo. Na lau lile begi la pili lingekuwa na nguo tupu bila karatasi, hao wote wema wao usingekuwa na pa kuanzia.

Sisi tuliokulia uhamishoni tunapaswa kuwa wa kwanza kulielewa hili, maana historia yetu imeandikwa kwa vitu visivyoandikwa. Oktoba 1982, nilipokuwa na miaka mitatu, vijana na viongozi wa chama cha UPC katika wilaya ya Mbarara, ambayo wakati huo ilijumlisha Isingiro, waliwafukuza Wanyarwanda majumbani mwao. Mabati yaling'olewa, ng'ombe wakaswagwa. Makumi ya maelfu walivuka kwenda Rwanda, makumi ya maelfu wakasukumwa kwenye makazi ya wakimbizi, Nakivale na Oruchinga yakiwamo, na Rwanda ilipofunga mpaka, maelfu walinasa katika kipande cha ardhi pale pale Merama Hills tunapokaguliwa mabegi leo. Mwaka ule ule wa 1982 Bunge la Uganda lilipitisha sheria ya kuwarudishia Waasia mali walizonyang'anywa na Idi Amin mwaka 1972. Utekelezaji ulikawia hadi miaka ya 1990, lakini mali zilirudi, maduka ya Mbarara yakiwamo, kwa sababu zilikuwa na hati, na kulikuwa na bodi nzima ya serikali iliyoshika orodha yake. Ng'ombe wa babu yangu hawakuwa kwenye orodha yoyote. Nani angeulizwa?

Na si mambo ya zamani tu. Julai 14, 2010, Wanyarwanda wapatao 1,700 walikusanywa Nakivale na Kyaka, wakapakiwa kwenye malori na kuvushwa mpaka kwa nguvu, jambo ambalo Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lililaani hadharani. Familia zilitengana, na watu waliacha vitu vyao walipokuwa wameviweka. Nimefundisha mtoto wa mmoja wao. Alikuja shuleni bila ripoti hata moja ya alikotoka, tukamrudisha madarasa mawili nyuma, si kwa kuwa hakujua, bali kwa kuwa hakuwa na karatasi ya kusema anajua. Vyeti vilivyotolewa nchi nyingine havipatikani upya kwa kwenda ofisi ya kata. Lazima uende polisi, uapishwe, usafiri, ulipe, usubiri, na wenzangu waliopitia njia hiyo mwishowe walipewa barua ya kuthibitisha matokeo, si shahada yenyewe.

Watu husema wizi na upotevu wa mizigo ni mambo ya barabara za Afrika, hayana dawa. La hasha. Hata viwanja vya ndege vya Ulaya hupoteza mizigo, tena kwa wingi. Mwaka 2007 mashirika ya ndege duniani yaliharibu, yalichelewesha au yalipoteza karibu mizigo 19 kwa kila abiria 1,000. Mwaka 2023 idadi hiyo ilikuwa imeshuka hadi 6.9. Wapakiaji hawakugeuka malaika katika miaka hiyo. Kilichotokea ni kwamba upotevu unamgharimu msafirishaji fedha, naye akaona heri anunue mashine za kusoma vibandiko. Tangu Juni 2018 mashirika ya ndege yaliyo katika umoja wao wa IATA yanatakiwa kufuatilia kila mzigo katika hatua nne, tangu unapopokewa hadi unaporudi mkononi mwa mwenyewe.

Nyuma ya hayo kuna sheria. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Kenya, Tanzania, Rwanda na Uganda zimeuridhia, unamlazimu mwenye ndege kumpa abiria kibandiko cha utambulisho kwa kila mzigo anaoupokea. Mzigo usipofika ndani ya siku 21 unahesabiwa umepotea na abiria ana haki ya kudai. Mzigo ulioharibika unalalamikiwa kwa maandishi ndani ya siku saba. Kiwango cha juu cha fidia kilipandishwa Desemba 28, 2024, na sasa kinakaribia dola 2,000 za Marekani kwa abiria. Na mkataba unasema wazi kwamba maandishi yoyote ya msafirishaji ya kujivua wajibu huo ni batili. Kwa hiyo mtu yule yule, na begi lile lile, akiruka kutoka Entebbe hadi Kigali analindwa. Akipita chini kwa basi, njia ambayo sisi wenye kipato cha chaki na maharage tunaimudu, anaonyeshwa nyuma ya tiketi.

Nimezungumza na wafanyabiashara wa Kagitumba kuhusu stakabadhi za mizigo, na nikiri kwamba si wote walifurahi. Mmoja aliniambia, "Mwalimu, ukileta karatasi umeleta kodi." Hofu hiyo haikuzuka hewani. Mwanamke anayevusha maboksi mawili ya biskuti, au kilo hamsini za maharage kupitia Kikagati kwenda Murongo, ameona karatasi nyingi maishani mwake na chache sana zilikuwa za kumtetea. Lakini tutofautishe. Kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, zenye thamani isiyozidi dola 2,000, upo utaratibu wa cheti rahisi cha asili ya bidhaa, kinachotolewa pale pale mpakani, na bidhaa hizo hazitozwi ushuru wa forodha. Kodi nyingine za ndani zipo, sitamdanganya mtu. Stakabadhi ninayoisema mimi haitaji thamani wala kilichomo. Inasema tu: namba fulani, kiti fulani, vipande viwili. Ofisa wa kodi hatapata humo kitu asichokiona kwa kufungua gunia. Mwenye gunia ndiye atakayepata kitu, siku gunia litakapokosekana.

Wenye mabasi wao watasema itachelewesha safari. Basi lina viti sitini hivi. Karani anayeweza kuandika vifurushi ishirini vya watu wasiosafiri hawezi kushindwa kuandika mabegi ya wanaosafiri. Ninachopendekeza hakihitaji kompyuta. Kuponi ya vipande vitatu yenye namba moja: kimoja kifungwe kwenye begi kwa uzi, kimoja apewe abiria, kimoja kibaki kwenye kitabu cha kondakta. Mbarara utingo asitoe begi bila kuonyeshwa kipande. Mpakani, alama ya plastiki ikivuliwa, namba ibaki kwenye uzi. Ofisi ya kituo cha pamoja cha Mirama Hills na Kagitumba itenge chumba kimoja chenye daftari kwa mizigo isiyo na mwenyewe, izuie mzigo wa namna hiyo usiendelee na basi, na majina yatangazwe kwenye redio za Mbarara na Nyagatare, ambazo tayari hutangaza vifo na ng'ombe waliopotea. Kwa wakazi wa Nakivale, orodha hiyo ipelekwe kwa wenyeviti wa kamati zao. Tumeona kwamba wao wanaweza kumpata mtu kwa mchana mmoja.

Mengine ni kazi ya mamlaka za usafiri za nchi zetu: kufuta yale maandishi ya nyuma ya tiketi, na kuweka kiwango cha fidia, hata kiwe kidogo, ili kupoteza begi kuwe na bei. Mbunge wa Afrika Mashariki anayetafuta hoja ya kupeleka Arusha, hoja ndiyo hii.

Wakati tukisubiri, msafiri ajitunze. Karatasi za familia, vyeti na kadi za kliniki visikae kwenye buti, vikae mapajani. Ndani ya begi, si nje, shona kitambaa chenye jina, namba ya simu ya nyumbani na namba nyingine ya upande wa pili wa mpaka, kwa sababu laini nyingi hunyamaza zikivuka. Ukikosa begi, usiondoke mpakani kabla ya kuandikisha kwa polisi wa upande uliopo na kupewa nakala. Watoto wa bweni wa Uganda wanajua hili kuliko sisi watu wazima. Sanduku langu la bati bado lina maandishi ya rangi nyeupe kwenye mfuniko, jina, darasa na jina la shule, herufi kubwa kama bamba la gari. Lilipakiwa juu ya magari ya kila aina kati ya Nakivale na Mbarara kwa miaka minne, na halikupotea hata siku moja.

Jiji la Mbarara ndilo lenye stendi ambako mengi ya mabegi haya hubadilishana wenyewe, nalo ndilo linalotoa ruhusa ya basi kuegesha hapo. Linaweza kuanza na sharti moja: asiyekuwa na kitabu cha kuponi za mizigo asipakie. Vitabu hivyo huchapishwa mjini humo humo, katika maduka yale yale yanayotuchapishia mitihani. Wenye mabasi watuambie wanangoja nini.